Habari za Kazi: Ni Salamu au Ni Hesabu?

Tangu siku zile ugonjwa wa korona ulipotutawanya, limeenea jambo jipya katika maisha ya wafanyao kazi za kalamu, nalo limekwisha kuingia hata katika kazi yetu ya ualimu. Watu watano, sita au kumi, kila mmoja akiwa kwake, huyu Kampala, yule Kigali, mwingine Bujumbura, hukutana kila asubuhi mbele ya kompyuta au simu zao na kuulizana: Jana umefanya nini? Leo utafanya nini? Una kikwazo gani? Kila mmoja hujibu kwa zamu yake, kisha mkutano huvunjika na watu hurudi katika upweke wao. Twapenda katika makala haya kuuliza swali ambalo huenda likaonekana dogo. Mtu amwulizapo mwenzake maneno hayo kila siku iendayo kwa Mungu, je, anamwamkia au anamdai hesabu? Na yule aulizwaye, ana wajibu wa kusema kweli kwa kiasi gani?

Desturi hii haikuzaliwa na korona. Asili yake ni kwa waundaji wa programu za kompyuta. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Takeuchi na Nonaka, waliandika juu ya makampuni yaliyobuni bidhaa zake kwa vikundi vilivyosonga mbele kwa pamoja, mfano wa wachezaji wa raga wapasianao mpira. Mwaka 1995 Wamarekani wawili, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, wakauonyesha hadharani utaratibu wao wa kuunda programu, wakauita Scrum, jina litokalo katika mchezo huohuo. Nguzo mojawapo ya utaratibu huo ni mkutano wa kila siku usiozidi dakika 15. Wengi walizoea kuufanya wakiwa wamesimama wima, ili miguu iwanyamazishe wale ambao adabu imeshindwa kuwanyamazisha. (Tunavijua vikao vya walimu ambavyo vingefaidika sana kwa dawa hiyo.)

Yako mambo mawili katika historia hiyo yatufaayo hapa. La kwanza ni kwamba mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana katika jimbo la Utah, wakatoa tamko juu ya kazi yao, na miongoni mwa kanuni walizoziandika mojawapo yasema kwamba njia bora ya kupashana habari ni mazungumzo ya uso kwa uso. Mkutano huu, basi, ulikuwa mtoto wa watu walioketi chumba kimoja. Sisi tumemchukua mtoto huyo na kumpeleka kwa watu ambao pengine hawajapata kushikana mikono. La pili ni kwamba mwongozo wa utaratibu huo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, wasema kuwa mkutano ni wa wafanyakazi wenyewe, wapangiane siku yao. Hausemi kuwa ni baraza la kumpa mkubwa ripoti. Hata yale maswali matatu ambayo watu huyakariri kama sala yaliondolewa katika toleo la mwaka 2020. Kuondolewa kitabuni, hata hivyo, si kuondolewa vinywani.

Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani hufanya kazi hiyo ya programu. Anakaa Kampala, na wakubwa wake wako Ulaya. Siku moja alitutembelea, tukamwuliza juu ya mikutano hiyo. Akasema, "Mwalimu, mimi huandaa jibu langu usiku kabla sijalala." Tukamwuliza, "Huandaa kazi au jibu?" Akacheka. "Jibu, Mwalimu. Kazi ipo, lakini kazi haisikiki."

Maneno hayo hayakututoka akilini, kwa kuwa yalituumbua sisi wenyewe, kama msomaji atakavyoona. Lakini kwanza tuitazame lugha yetu, maana sisi ni walimu wa lugha, na lugha imekwisha kulifikiri jambo hili kabla yetu.

Tuwafundishapo wanafunzi wa kidato cha kwanza salamu, huwaeleza kwamba "hujambo" ni ukanushi: huna jambo? Nalo jibu ni ukanushi vilevile: sijambo, yaani sina jambo lililonifika. Tazama basi, ndugu msomaji. Swali la tatu la wale waundaji wa programu, "Una kikwazo gani?", babu zetu walikuwa wakiulizana tangu zamani, tena asubuhi na jioni, tena bila kompyuta. Tofauti iko katika jibu. Mwswahili akiulizwa habari hujibu "njema" hata kama ametoka kuzika. Mgeni ajifunzaye lugha hushangaa. Wanafunzi wetu hutuuliza: Mwalimu, mbona mgonjwa asema hajambo? Je, Waswahili ni waongo? Twawajibu kwamba wasikilize vizuri, kwa maana baada ya "sijambo" huja neno "ila". "Sijambo, ila kichwa kinanigonga tangu jana." "Habari ni njema, ila mtoto hakulala." Salamu yetu ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa adabu, na kila mtu huupita kwa neno lilelile. Mlango wa pili ni wa kweli, nao hufunguka tu iwapo mwulizaji amesimama kidogo, hakuondoka, wala hakutazama saa yake.

Sasa piga hesabu. Dakika 15 kwa watu sita ni dakika mbili na nusu kila mmoja. Muda huo watosha kuupita mlango wa kwanza. Je, "ila" itapata nafasi wapi?

Kuna na jambo jingine la sarufi ambalo hutuchekesha kila tunapoingia katika mikutano hiyo. Mwenye kuitisha huita majina, na kila mmoja hujibu "nipo", kama watoto darasani mwalimu aitapo orodha ya mahudhurio. Nasi twajua kwamba po ni ya mahali dhahiri, ko ni ya mahali pasipo dhahiri, na mo ni ya ndani. Mtu aliyezima picha yake, akajibu "nipo" huku anapika uji, yupo au yuko? Na yule aliyewasha picha, uso wake tunauona, macho yake yanatutazama, lakini moyo wake uko katika wadi ya hospitali, tuseme yumo? Kiswahili kimetupa viambishi vitatu vya kuwapo, na mkutano wa mbali hutaka kimoja tu. Tuliwahi kulitoa swali hili katika mtihani wa mazungumzo, na mwanafunzi mmoja akajibu kwamba katika kompyuta mtu "yumo lakini hayupo". Tulimpa alama zote.

Tuje sasa kwenye yaliyotupata. Juni 2021 serikali ya Uganda ilifunga tena shule na kuzuia safari kati ya wilaya na wilaya. Shule zetu hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi hicho, tangu Julai, walimu sita tulishirikiana kutunga kitabu cha mazoezi ya ufahamu kwa wanafunzi waanzao Kiswahili. Sisi tuandikao tulikuwa Kampala, na ndio tuliokuwa waitishaji. Wenzetu walikuwa Gulu, Mbarara, Kigali, Bukavu na Bujumbura, kila mmoja na sura yake. Tulikutana kila siku ya kazi saa tatu asubuhi kwa saa ya Kampala, ambayo kwa hao watatu wa magharibi ni saa mbili. Tulitaka nyuso zionekane. Hatukujiuliza ni nani anayelipia intaneti, ingawa kila mmoja alikuwa akiinunua kwa fedha zake, na kwetu Uganda mwezi uleule wa Julai ilikuwa imetozwa kodi ya asilimia 12.

Siku ya nne mwalimu wa Gulu alisema kwamba amekwama. Hakuwa amepata habari fupi zilizo rahisi kiasi cha kumfaa mwanafunzi mgeni kabisa, na zile alizojaribu kutunga mwenyewe zilikuwa hazina ladha. Alianza kueleza. Tukatazama saa. Tukasema, kwa sauti ambayo hadi leo twaisikia, "Mwalimu, hayo tutayazungumza baadaye. Hapa tunataka maendeleo." Hiyo "baadaye" haikufika. Na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyesema amekwama. Kila asubuhi habari zilikuwa njema. Tulijisifu kwa kuwa na kikundi kizuri kuliko vyote, na mikutano yetu ikawa inamalizika katika dakika kumi.

Mwenzetu wa Bujumbura, mama mmoja aliyekulia Buyenzi, ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani na ndiye mjuzi kuliko sisi sote, alitoa taarifa ileile kwa wiki tatu: "Naendelea vema, Mwalimu, ninamalizia." Ulipofika wakati wa kukusanya sura, alileta kurasa mbili. Mama yake mzazi alikuwa ameugua tangu wiki ya pili, naye alikuwa akikesha kitandani pake usiku, kisha asubuhi akinawa uso na kujitokeza mbele ya simu.

Itatubidi tuseme ukweli juu ya hisia yetu ya kwanza, maana makala juu ya kusema kweli hayawezi kuficha hilo. Hisia yetu ya kwanza ilikuwa hasira. Tulihesabu: wiki tatu, siku tano kila wiki, ametudanganya mara kumi na tano. Mwenzetu wa Kigali alikuwa ameyajenga mazoezi yake juu ya msamiati wa sura ile ambayo haikuwapo, naye alilazimika kuyavunja na kuanza upya. Tulimpigia simu mama huyo tukiwa na maneno makali mdomoni. Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu taratibu, "Mwalimu, uliniuliza kazi, hukuniuliza hali. Tena nilisikia ulivyomjibu mwalimu wa Gulu."

Je, alisema uongo? Wako watakaosema ndiyo, bila kupepesa macho, nao hawana kosa. Neno "ninamalizia" lilikuwa na maana yake, na maana hiyo haikuwa kweli. Wenzake walilitegemea, wakaumia. Mtu hawezi kujitetea kwamba aliulizwa vibaya. Tukilikubali hilo, kila mwanafunzi aliyenakili mtihani atadai kwamba swali lilikuwa gumu. Lakini wako wengine watakaosema, nao pia twawasikia, kwamba swali letu lilikuwa limekwisha kupoteza maana ya swali. Lilikuwa salamu iliyovaa nguo za hesabu. Lilijibiwa kama salamu zinavyojibiwa. Je, mgonjwa asemaye "sijambo" tunamwita mwongo?

Kwa maoni yetu, wote wawili walikosa, ila hawakukosa sawasawa. Aulizaye ndiye ajengaye mlango ambao jibu litapita. Akijenga mlango mwembamba, jibu pana litabaki nje, hata kama mwenye jibu ni mkweli wa tabia. Na aulizaye akiwa mkubwa wa kikundi, au mshika kalamu ya majina, basi sehemu yake ya kosa huongezeka, kwa kuwa mdogo hawezi kumwambia, "Simama kidogo, nina 'ila'." Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa siku zote. Hatujasikia methali inayomwelekea mganga ambaye, mgonjwa akianza kutaja maradhi, humwambia kwamba anataka habari za afya tu.

Baadhi ya wenzetu tuliozungumza nao husema dawa ni kurudi kwenye ujima. Hutaja umuganda wa Rwanda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na bulungi bwansi ya Waganda, ambako watu hufagia njia na kuzibua mifereji pamoja, wala hakuna aulizaye mwenzake jana amefanya nini. Kweli hiyo ina uzito. Shambani jembe lasema lenyewe. Nani amechoka, nani anaumwa mgongo, nani leo ana huzuni, vyote huonekana kwa jicho, na jirani husogea akamsaidia mwenzake mstari wake bila kuitisha kikao. Kazi ya mbali imeliondoa jicho na kuutwika ulimi mzigo wote, na ulimi una kasoro ambayo jicho halina: waweza kufundishwa kupendeza.

Lakini tusijidanganye kwamba zamani yetu yote ilikuwa ujima. Neno "mnyapara" halikutoka Utah. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, enzi za ukoloni, kibarua alikuwa na kadi yake iitwayo kipande, ikitiwa alama kila siku aliyoimaliza kazi aliyopangiwa, na siku isiyo na alama ilikuwa kama haikuishiwa. Aliyeitia alama kadi hiyo hakuuliza kama mtu kalala njaa. Tulipoyakumbuka hayo tuliona haya, kwa sababu daftari letu, ambamo tuliandika kila asubuhi "vizuri, vizuri, vizuri" mbele ya majina sita, halikuwa na tofauti kubwa na kipande. Tena katika kipande alama ilifuata kazi iliyokwisha kuonekana, ambapo sisi tulikuwa tukiandika maneno ya watu.

Basi tuliwaandikia wenzetu wote barua ya kuomba radhi, ya kwanza kabisa ikienda Gulu. Tukaupunguza mkutano, ukawa Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine kila mtu aliandika mistari michache kwa wakati wake, usiku akipenda, na ambaye hana la kuandika aliandika kwamba hana. Katika mkutano, mwitishaji ndiye aliyeanza, naye alianza kwa kusema lililomshinda. Twakiri kwamba mara ya kwanza ilituwia vigumu mno. Tulitafuta kosa dogo lenye heshima, kama afanyavyo mtu aulizwaye udhaifu wake siku ya kuomba kazi. Mara ya pili tukasema kweli, kwamba sura yetu sisi wenyewe ilikuwa nyuma kwa siku tisa. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Kisha mwalimu wa Bukavu akasema, "Na mimi."

Tulidhani tumelimaliza jambo, na hapo ndipo tulipopata pingamizi kutoka mahali tusipopatarajia. Mwenzetu wa Mbarara hakupendezwa na mabadiliko hayo hata kidogo. Alikuwa akikaa peke yake katika chumba cha kupanga, safari zimezuiwa, shule imefungwa, na jamaa zake wako wilaya nyingine. "Nyinyi mna watu majumbani mwenu," alitwambia. "Mimi sauti zenu ndizo zilizonifanya nivae shati asubuhi." Kwake yeye mkutano wa kila siku haukuwa kipande wala mnyapara. Ulikuwa mlango wa nyumba ukigongwa. Hakujali aliulizwa nini, alijali kuulizwa. Twawaza mara nyingi kwamba, kama tungeyaamua mambo haya kwa kanuni tu, tungeifuta mikutano yote na kumwacha mwenzetu huyo kizani, tukiamini tumemwondolea dhuluma.

Hatukuwa na jibu zuri kwake. Tulizoea kumpigia simu siku zile zisizo na mkutano, tukaongea juu ya mihogo na mpira na mwenye nyumba wake. Siku nyingine tulisahau.

Kitabu kilichelewa miezi miwili. Mama wa yule mwenzetu wa Bujumbura alifariki mwezi wa Septemba mwaka uleule, nasi, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kufika matangani, tulikutana kwenye simu zetu kumpa pole. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Mwalimu wa Bukavu aliongoza sala, mwalimu wa Gulu alisimulia kifo cha baba yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, wala hakuna aliyekata simu. Intaneti ya wawili iliwaishia, wakanunua nyingine, wakarudi.

Mwaka huu tumeanza sehemu ya pili ya kitabu. Tulimwomba mama huyo awe mwitishaji, naye akakubali baada ya kutukatalia mara mbili. Asubuhi ya kwanza alituamkia mmoja mmoja, akatuuliza habari za kazi, nasi sote tukajibu kwamba ni njema. Kisha akanyamaza. Tulidhani mtandao umekatika, tukaanza kuulizana, "Mama, upo? Watusikia?" Akasema, "Nipo. Nasubiri."